Eksirei Si Patasi: Sura ya Livingstone na Sura ya Ujiji

Picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi ni kitu cha matabaka. Chini kabisa pana kitambaa au ubao. Juu yake rangi ya kwanza ya kuandaa uso. Kisha mistari ya makadirio. Kisha nyama ya uso, nywele na mavazi. Na mwisho vanishi ing'arishayo yote na kuyafunga. Mtazamaji huona tabaka la mwisho tu, akaliita picha. Mangapi yamezikwa chini yake, aghalabu mchoraji peke yake ndiye ajuaye: mkono ulioinuliwa ukashushwa, kofia iliyofutwa, pengine mtu mzima aliyefunikwa kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali na mwenye sura hiyo hakulipa.

Siri hiyo ilianza kufichuka baada ya Wilhelm Röntgen kugundua mionzi ya eksirei huko Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mionzi hiyo hupenya rangi nyepesi na kuzuiwa na zile zenye madini mazito, hasa rangi nyeupe ya risasi ambayo wachoraji wa Ulaya waliitumia kwa karne nyingi kutia nuru usoni. Kwa hiyo uso uliofunikwa hutokea katika eksirei kama mifupa itokeavyo katika picha za hospitali. Mwezi wa Julai 2022 jumba la sanaa la taifa la Scotland, mjini Edinburgh, lilitangaza kwamba eksirei ya kichwa cha mwanamke mkulima, kazi ya Vincent van Gogh, imeonyesha uso wa mchoraji mwenyewe nyuma ya kitambaa kile kile, chini ya gundi na karatasi ngumu. Uso huo ulikuwapo siku zote, na watu waliupita miaka mingi wakidhani wameiona kazi yote.

Liko jambo moja katika elimu hii ambalo husahauliwa na wengi, nalo ndilo msingi wa hoja inayofuata. Eksirei haikwaruzi. Fundi wa zamani aliyetaka kujua kilichomo chini alilazimika kushika patasi. Aliipata rangi ya chini kwa kuipoteza ya juu. Eksirei huziacha zote mbili mahali pake, ikamwonyesha mtazamaji kilichofunikwa bila ya kumnyang'anya kifuniko. Wanaojadili historia ya Ujiji hawajazitenga bado zana hizi mbili. Wengine wameshika patasi. Wengine wanaiogopa eksirei wakidhani ni patasi. Na baina ya makundi hayo mji wenyewe umebaki bila ya kutazamwa.

Ujiji una picha yake inayojulikana ulimwenguni. Wazungu wawili wamesimama karibu na Ziwa Tanganyika, chini ya mwembe, mwaka 1871. Mmoja ni mzee mgonjwa, David Livingstone. Wa pili ni kijana, Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Kofia zimevuliwa, mikono inakutana. Nyuma yao pana umati wa watu wa kanzu na watu wa kaniki, wasio na majina, ambao kazi yao katika picha ni kushangaa. Picha hiyo imechorwa vitabuni, imefanywa sanamu, imewekewa mnara. Na mgeni ashukaye Kigoma huenda Ujiji kuitafuta kana kwamba mji ulikaa karne nyingi ukingoja dakika moja ya salamu.

Yaliyo chini ya picha hiyo yalimulikwa katika mji ule ule wa Edinburgh, miaka 12 kabla ya habari ya Van Gogh. Mwaka 2010 wataalamu walikusanyika katika Maktaba ya Taifa ya Scotland kusoma kurasa ambazo jicho tupu lilikuwa limeshindwa kuzisoma sawasawa. Haikuwa sura ya rangi bali ya maneno. Na mionzi iliyotumika haikuwa eksirei bali ndugu zake, yaani miali ya urujuanimno, miali ya rangi zionekanazo, na miali ya infraredi, moja baada ya nyingine, picha baada ya picha, mpaka wino uliofifia ukatengana na karatasi yake. Baadhi ya wataalamu hao walikuwa wamekwisha kuifanya kazi ya namna hiyo katika kitabu cha kale cha Archimedes, ambacho maandiko yake yalifunikwa na sala mwaka 1229, na katika karne ya 20 baadhi ya kurasa zake zikafunikwa tena na sura za uongo za watakatifu. Huko eksirei zilipenya sura hizo na kuyasoma maneno yaliyokuwa chini. Kutoka sura za watakatifu mpaka sura ya Livingstone hatua ilikuwa fupi.

Kurasa zenyewe zilizaliwa katika dhiki. Livingstone aliondoka Ujiji mwaka 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema, akafika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871. Karatasi ilikuwa imemwishia na wino pia. Akaandika juu ya gazeti la London liitwalo The Standard, toleo la 24 Novemba 1869, akikatiza mistari iliyopigwa chapa. Na wino wake ulitokana na mmea alioujua kwa jina la zingefuri, ambalo kwa Kiswahili ni jina la rangi nyekundu. Wino ukafifia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi, na muda si mrefu habari za London zikayashinda maneno ya Manyema. Hata mtu asiyependa mafumbo hawezi kulikosa fumbo hili: masoko ya Ulaya yalisomeka vizuri, na soko la Nyangwe halikusomeka.

Soko hilo ndilo kiini cha habari. Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake, walikuwa wamekusanyika Nyangwe kuuza na kununua. Watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kupiga. Wengine walikufa kwa risasi, wengine wakazama mtoni wakigombea mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo akaona. Aliiacha azma ya kuvuka Lualaba, akarudi mpaka Ujiji, akafika Oktoba 1871 hana nguvu wala mali, akakuta vitu alivyoletewa vimekwisha kuuzwa. Mzee aliyeamkiwa chini ya mwembe, basi, alikuwa ametoka kwenye soko lile. Salamu maarufu ya Ujiji ni rangi iliyopakwa juu ya maji ya Lualaba.

Shajara ya njiani haikuwa tabaka pekee. Livingstone aliyanakili maneno yake katika daftari kubwa, akiongeza, akipunguza na kuyanyosha. Na daftari hilo alimkabidhi Stanley huko Unyanyembe, Machi 1872, alipeleke Uingereza. Hilo ni tabaka la pili. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873; na mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller alilichapisha daftari hilo katika kitabu, akisaidiwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa na marehemu mpaka siku yake ya mwisho. Hilo ni tabaka la tatu. Dunia ilisoma la tatu, ikadhani imesoma la kwanza. Shajara ya gazeti ilipotolewa wazi mwezi wa Novemba 2011, baada ya miaka 140, ndipo ilipowezekana kwa mara ya kwanza kuyaweka matabaka hayo bega kwa bega.

Tofauti ziko. Katika msafara wa Livingstone walikuwamo watu aliopelekewa kutoka Unguja na balozi wa Uingereza, nao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi. Yeye aliwaita watumwa wa Mabaniani. Shajara ya njiani yawaonyesha kuwa wagomvi, wasiotii, wenye kuwadhulumu wenyeji. Na sehemu za habari hizo zilipunguzwa au kuondolewa katika daftari safi. Hata habari za watu aliowatuma siku ya mauaji hazisomeki namna moja katika maandiko yote mawili. Wahariri wa 2011 waliona hapo dalili ya kuwa yamkini watu wa msafara wake mwenyewe hawakuwa na mikono mitupu siku ile. Ni dalili, si hukumu. Lakini inatosha kuitikisa sura ya mtakatifu aliyesimama kando ya damu asiguswe na hata tone.

Hapo ndipo watu walipogawanyika, na kila kundi likakosea kwa namna yake.

Kundi la kwanza ni la wenye patasi. Wao husema: alificha, basi alikuwa mwongo, alikuwa mwongo, basi yote yatupwe. Na baadhi yao huenda mbele zaidi wakadai kwamba habari za utumwa zilikuzwa na Wazungu wapate kisingizio cha kuitawala Afrika. Kwamba kisingizio kilipatikana, ni kweli isiyopingika. Habari za Nyangwe ziliwachoma Waingereza. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja ulifuata hasira hiyo. Na waliokuja baadaye kugawana nchi walizungumza lugha ile ile ya huruma. Lakini matumizi mabaya ya ushahidi hayaufuti ushahidi. Wakwaruze rangi ya juu, watakuta nini chini? Watakuta soko, bunduki, na mto. Rangi ya chini haikumfufua hata mmoja wa waliozama Lualaba. Inawaongezea washitakiwa, haiwaondoi waliokuwapo. Mwenye kushangilia shajara kwa sababu inamwaibisha Mzungu, kisha akanyamaza inapowataja watu wa Dugumbe, hatafuti kweli bali anatafuta mshirika.

Kundi la pili ni la walinzi wa sanamu. Wao husema kwamba kila mwandishi husafisha rasimu yake, na kwamba tofauti hizo ni kazi ya kawaida ya kalamu. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo hatari. Anayesahihisha sarufi hafichi kitu. Lakini anayeziacha nzima habari za ukatili wa watu wa wengine, na kuzipunguza za watu wake mwenyewe, amefanya uamuzi. Na uamuzi una sababu. Nani angesoma daftari hilo? Wakubwa wa London, wachangiaji wa safari, maadui wa biashara ya utumwa. Je, angewaambia kwamba yeye, mpinzani mkuu wa utumwa, alikuwa akihudumiwa na watumwa wa kukodiwa, na kwamba huenda hao nao walidhulumu? Mchoraji anapoushusha mkono uliokuwa umeinuliwa, wajuzi hawasemi tu kwamba amebadili mstari. Huuliza mkono huo ulikuwa umeshika nini.

Makundi haya mawili yanashindana, kumbe yameshika kosa moja. Yote mawili yanadhani kwamba kweli inakaa katika tabaka moja: wa kwanza wanaitafuta chini, wa pili wanailinda juu. Lakini tabaka la chini nalo ni la mkono ule ule. Lililotangulia si lazima liwe ndilo la kweli. Shajara ya Nyangwe iliandikwa na mtu aliyeugua, mwenye njaa, aliyewachukia waliopelekwa kumtumikia na kuwashuku waliowapeleka. Watumwa wale hawakuwa na gazeti la kuandikia. Walitolewa Unguja bila ya kuulizwa, wakatembezwa mamia ya maili kwa ajili ya safari isiyo yao. Walipogoma, kugoma kwao kuliandikwa kuwa ubaya wa tabia. Kama walidhulumu, na wajulikane kwa dhuluma hiyo. Lakini asidhani mtu kwamba kwa kumulika rangi ya chini amewasikia. Amemsikia bwana wao akisema kwa hasira pale ambapo baadaye alisema kwa hadhari.

Kweli, basi, imo katika kitendo chenyewe cha kufunika: nani alifunika, lini, kwa ajili ya macho ya nani, na nini kiliachwa kionekane. Hayo ndiyo maswali ambayo eksirei huyafungua na patasi huyaua, maana aliyekwisha kuikwaruza rangi ya juu hana tena kitu cha kulinganisha na ya chini.

Na zipo sehemu ambazo hata mionzi haina la kufanya. Stanley naye alikuwa na shajara. Na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, alionyesha kwamba kurasa zinazohusu kule kukutana zimechanwa. Maneno ya salamu yanayokaririwa ulimwenguni kote, kwa rai yake, yamkini yalitungwa baadaye. Palipofunikwa panaweza kumulikwa. Palipochanwa hapana cha kumulika. Picha kuu ya Ujiji ina tundu katikati yake, tena tundu hilo lilitobolewa na mmoja wa waliochorwa.

Kundi la tatu ndilo lenye haki ya kujibiwa kwa upole kuliko yote, kwa kuwa hofu yake si ya sanamu bali ya majirani. Kundi hili liko Ujiji kwenyewe na katika miji yote ya njia ya kati, tangu Bagamoyo na Tabora mpaka ziwani. Ujiji ni mji wa Waha na Wajiji, wa watu wa pwani, wa Waarabu, na wa Wamanyema waliovuka ziwa. Wengine walivuka kwa hiari yao wakitafuta biashara au usalama, wengine walivushwa na minyororo. Vizazi vimepita. Wazao wa aliyevushwa na wazao wa aliyevusha wameoana, wamesali katika safu moja, wamezikana. Kisha aje msomi na taa yake, aulize nani alikuwa nani? Kundi hili husema: kusahau kulikuwa ni rehema, na taifa lililoapa kutoulizana kabila wala ukoo halipaswi kufukua makaburi.

Hoja hii haidharauliki. Lakini na itazamwe kwa makini. Neno lenyewe la mji huo, yaani ungwana, ni rangi iliyopakwa juu ya rangi. Katika misafara ya karne ya 19 waliitwa Waungwana watu ambao maana ya jina ilikuwa kwamba ni huru. Kumbe wengi wao walikuwa watumwa, au walikuwa wameachwa huru jana. Walilivaa jina hilo kama nguo ya heshima, nao walikuwa na haki ya kulivaa, maana ni wao walioubeba mzigo na kuijua njia. Kufunika huku si uongo wa Stanley. Ni ulinzi wa mtu aliyenyang'anywa jina akajitafutia jingine. Mwenye patasi akiukwaruza ungwana wa mtu ili aoneshe utumwa wa babu yake, ametenda ujeuri wa pili juu ya ule wa kwanza. Na elimu isiyotambua hivyo haistahili kuitwa elimu.

Lakini tazama gharama ya kutotazama kabisa. Kwa kuwa Ujiji umenyamaza juu ya watu wake, nafasi yote imechukuliwa na wageni wawili. Mji wenye mamia ya hadithi za kuvuka ziwa unajulikana kwa hadithi moja ya kuvua kofia. Halima, aliyempikia Livingstone, yumo katika maandiko yake. Ni nani amtajaye chini ya mwembe? Jacob Wainwright aliandika kwa mkono wake mwenyewe habari za safari ya kuuchukua mwili wa Livingstone, na maandiko yake yalipigwa picha yakatolewa wazi mwaka 2019. Ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba miongoni mwa watu wa msafara palikuwa na mwandishi? Anayekataa kuchora sura yake huchorewa na wengine, kisha hupachikwa nyuma, katika umati wa kushangaa.

Wala isisemekane kwamba Kiswahili hakina picha za zamani za kumulika. Tippu Tip, ambaye mali yake ilipita katika njia hizi, na ambaye alionana na Livingstone mwaka 1867, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili. Yakatolewa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, kisha yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Hiyo ni sura ya mtu iliyochorwa na mwenyewe, kwa mkono wa fundi: pembe, vita, mapatano, madeni. Wasomi wengi wameitumia kama mgodi wa tarehe. Imewapasa waisome pia kama mchoro wenye matabaka: wapi mbebaji anatokea, wapi anageuka idadi, wapi anatoweka kabisa na kubaki pembe alizozibeba. Kazi hiyo haihitaji mashine ya Edinburgh. Inahitaji jicho lililofundishwa kuuliza kile ambacho msimulizi amekipitia mbio.

Yapo, basi, mambo matatu yanayodaiwa, na mdai wake ni mji. La kwanza, shajara ya Nyangwe na daftari lililoifunika yasomwe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, bega kwa bega, ili mwanafunzi wa Kigoma auone mkono unapobadilika bila ya kungoja kufasiriwa na mgeni. Majina ya watu na ya mahali yaliyoandikwa kwa sikio la Mskoti yatajulikana upesi zaidi na wenye lugha yao. Zingefuri ni mfano mmoja tu. La pili, kumbukumbu ya Ujiji isikomee kwenye salamu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na Ujiji umo katika njia hiyo. Mwembe, basi, uelezwe pamoja na soko alilotoka mzee yule, na pamoja na watu waliokuwa wamesimama nyuma. La tatu, wazee wa mji waulizwe wangali hai, nao wawe na mamlaka juu ya majibu yao: atakayetaka jina la babu yake liandikwe, liandikwe, atakayetaka lifichwe, lifichwe, lakini habari ya kuvuka, ya njaa, ya kazi na ya kuanza upya ihifadhiwe. Hiyo ndiyo eksirei: kuona bila ya kukwaruza.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanafunzi wasio na kazi, na ashuke bandarini Kigoma, ambako watu wa ziwa walilijua somo hili zamani. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia adui, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya, ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867 kuwa jina la upande wa kusini wa ziwa. Katika chuma kile zimo tabaka za rangi za tawala tatu. Vizazi vya abiria vimepanda meli hiyo pamoja na mahindi yao, dagaa wao na watoto wao, wakijua fika ilikuwa nini zamani na ilizamishwa na nani. Hakuna hata mmoja aliyedai kwamba kuijua meli ya kwanza ni kuizamisha ya pili.